Shemeji ananiuzia XL, vijana wa kijiweni wananiambia Boxer 150

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini na nafundisha kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi. Kila asubuhi napanda Noah barabara ya Singida mpaka njia panda, kama kilomita 35, halafu nachukua bodaboda kilomita 11 za vumbi hadi shuleni. Hiyo bodaboda peke yake, kwenda na kurudi, inanila shilingi 8,000 kwa siku. Na kuna siku yule kijana haonekani kabisa, nafika watoto wako kipindi cha pili na mwalimu mkuu ananitazama tu.

Nimekopa SACCOS, nina milioni 3 mkononi. Pikipiki sijawahi kuendesha, ila baiskeli naijua tangu utoto. Nilipotangaza tu kwamba nataka kununua, maneno yakaanza. Shemeji yangu, mume wa dada, ana Honda XL 125 aliyoinunua ofisi ya mradi fulani ilipofungwa. Anataka milioni 2.2, anasema ile ni chuma, haifi leo wala kesho. Nilipoikalia, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini, maana mimi ni mfupi, futi tano na inchi moja. Nilimuuliza kadi, akasema namba bado ni za DFP lakini hayo ni mambo madogo, tutayamaliza kifamilia.

Vijana wa kijiwe cha njia panda wao wanasema nisihangaike, nichukue Boxer 150 mpya hata kama itabidi niongeze mkopo. Mwalimu mwenzangu anasema kuna bodaboda kamaliza mkataba wake, anauza Boxer yake milioni 1.5, ninunue hiyo nibaki na chenji. Mama yangu yuko Kondoa, ameniambia kwenye simu kwamba nikinunua nisimwambie, asije akawa anashtuka kila simu inapoita usiku.

Kila mtu ana pikipiki yake mdomoni. Mtu anayeanza kabisa kama mimi achukue ipi?

Mwalimu wa Vumbini, Nkuhungu

*

Marahaba, mwalimu. Mbukwenyi huko Bahi.

Nianze na XL, kwa sababu ndiyo inayoweza kukutia hasara kubwa kuliko zote, na hasara yenyewe haihusiani na injini. Namba za DFP hupewa vyombo vya miradi inayofadhiliwa na wahisani, na vyombo hivyo aghalabu huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule ni wa mradi. Pikipiki ikiuzwa kwa mtu binafsi, kodi inadaiwa, namba zinabadilishwa, na kadi inahamishwa TRA kwa saini ya aliyeuza. Sasa mradi umefungwa, waliokuwa na muhuri wametawanyika, na wewe umeshampa shemeji milioni 2.2. Nani atasaini? Siku trafiki akikusimamisha, atakayekuwa juu ya pikipiki isiyo yake wala ya shemeji yake ni wewe. Siku umemgonga mtu, kampuni ya bima itaanza kwa kuuliza kadi ni ya nani. Usimjibu shemeji kwa ukali, yeye ni ndugu. Mwambie tu: "Shemeji, ikishatoka namba za DFP na kadi ikasoma jina lako, tutazungumza bei." Sentensi hiyo moja inatosha, na haivunji undugu.

Kwa haki ya XL yenyewe, si pikipiki mbaya. Maofisa wa serikali na wa mashirika wamezunguka nazo vijiji vya nchi hii miaka na miaka, na kwenye mchanga shokapu zake ndefu zinasaidia sana. Ila umesema vidole tu ndivyo vinavyogusa. Kwenye lami mzoefu anaweza kuishi na hilo. Kwenye mchanga wa korongo, ukisimama ghafla, mguu unazama kabla haujakushikilia, pikipiki inalala, na wewe unalala nayo. Mtu anayeanza anasimama ghafla mara nyingi kuliko anavyodhani.

Hapo ndipo penye jibu langu. Waliokushauri wote wamekuchagulia pikipiki ya shughuli zao. Shemeji anachagua anachotaka kukiondoa nyumbani. Mwalimu mwenzako anachagua chenji. Vijana wa kijiweni wanaitaka Boxer 150 kwa sababu wao wanapiga mishikaki, wanabeba gunia la mkaa, mbuzi, na mama mjamzito siku hiyohiyo, kwa hiyo wanahitaji nguvu. Wewe utabeba nini? Wewe mwenyewe na mfuko wa madaftari. Pikipiki yako ya kwanza iwe ile ambayo ikikuangukia korongoni saa 12 asubuhi, hakuna mtu, hakuna simu inayoshika, unaweza kuiinua peke yako na kuendelea na safari.

Nimeandika "ikikuangukia", sikuandika "kama". Itaanguka, mara nyingi ikiwa imesimama au inatambaa tu, na mara nyingi hutaumia. Kwa hiyo kabla ya kulipa popote, fanya jaribio hili na pikipiki ya jirani au ya fundi mnayefahamiana, tena mahali pa mchanga. Ilazeni chini taratibu. Zima swichi na ufunge koki ya mafuta. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza, maana hiyo iko kushoto na ndiyo itakayoipokea pikipiki ikisimama. Ingiza gia ili isikukimbie. Geuza usukani wote kuelekea upande ilikolalia. Sasa ipe mgongo, makalio yakae kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike chuma cha nyuma ya kiti. Chuchumaa, mgongo unyooke, halafu usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupifupi. Usiivute kwa mikono kama unavyoinua ndoo, kiuno kitakulaumu. Hizi za kawaida zina kilo 110 na kitu, nyingine 120. Kwa namna hii mtu wa mwili wako anaziinua bila shida. Ukishindwa mara ya kwanza, rudia ukiwa umevaa viatu vizuri. Ukishindwa kabisa, hiyo si yako, hata kama rangi yake imekukaa moyoni.

Dukani, ikalie na viatu utakavyoendea kazini. Nyayo zote mbili ziguse chini, au angalau nusu ya mbele ya kila mguu. Isukume mbele, irudishe nyuma, igeuze bila kuwasha. Muuzaji atakuhimiza usikilize mlio. Mwache ausikilize yeye.

Sasa swali la cc, yaani ukubwa wa injini. Zinazouzwa sana kwetu ni za 100, 125 na 150. Kwa kilomita 11 za vumbi, hata 100 inatosha. Lakini siku utakapotoka nayo barabara kuu kurudi mjini alasiri, utakuwa unakwenda mashariki, na upepo wetu wa Dodoma mwezi wa saba hadi wa tisa unavuma kutoka hukohuko. Ukikutana nao uso kwa uso, cc 100 inahema. Kwa hiyo nakushauri ya 125: Boxer ya 125, TVS HLX 125, au Honda Ace 125 kama mfuko unaruhusu. Ni nyepesi, hazina ghadhabu ukikosea klachi, na mafuta zinakunywa kidogo. Sikushauri 150. Ubaya haina, ila uzito na nguvu inayokuzidia utavilipia wewe, wakati faida yake ni ya mtu mwenye mzigo.

Kati ya hizo usichague kwa mabishano ya mtandaoni. Nenda pale njia panda, ingia kwenye kibanda cha spea, tazama kilichoning'inia ukutani. Kebo ya klachi, cheni na sproketi, plagi, breki za nyuma, tyubu: ni za pikipiki gani? Muulize na fundi aliye chini ya mti pembeni hapo anafungua zipi kila siku. Kama ukuta mzima ni Boxer, nunua Boxer. Kama ni TVS, nunua TVS. Pikipiki nzuri ambayo kebo yake mpaka utume mtu mjini itakulaza njiani siku ya mtihani wa darasa la saba. Na hakikisha ina kiki ya mguu pamoja na staata, maana betri huwa haiagi ikifa.

Ya yule kijana aliyemaliza mkataba nitaipitia kwa kifupi. Wasomaji wasiojua: mwenye chombo anampa dereva pikipiki, dereva analeta hesabu kila siku mpaka muda waliokubaliana, kisha chombo kinakuwa chake. Maana yake ile pikipiki imefanya kazi alfajiri hadi usiku, kila siku, na kwa muda wote huo aliyeiendesha alikuwa akiwaza hesabu ya leo. Wapo wanaozitunza vizuri sana, siwakatai. Lakini wewe bado hujui kuisikiliza injini, na pikipiki mbovu inamfundisha anayeanza tabia mbovu: unazoea breki isiyoshika na usukani unaovuta upande, unadhani ndivyo pikipiki zilivyo. Kama lazima uichukue, nenda na fundi usiyemlipa kwa kamisheni. Muikute injini ya baridi, aliyeiwasha moto kabla hamjafika ana anachoficha. Mtazame moshi wa bluu wa oili, oili inayovuja kwenye shokapu za mbele, mchezo kwenye usukani na kwenye bushi za nyuma, rimu inayoyumba. Kilomita za kwenye dashibodi msizitilie maanani, kebo yake wengi huikata. Namba ya chesisi na ya injini mzisome kwenye chuma chenyewe, zilingane na kadi herufi kwa herufi, na kadi iwe na jina la huyo anayekuuzia.

Sasa fedha. Una milioni 3, na kila mtu anakuambia jinsi ya kuimaliza yote kwenye chuma. Usiimalize. Zungukia maduka kadhaa mjini, na ukitajiwa bei uliza kama usajili na kadi vimo humo ndani. Kabla hujakubali, tenga pembeni fedha ya mafunzo, leseni, bima, helmeti, glovu na viatu vinavyofunika kifundo. Ukiona pikipiki ya 125 inameza milioni 3 nzima, shuka kwenye cc 100 kabla hujashuka kwenye helmeti.

Kwenye helmeti nitakaa kidogo. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yalikuta kwamba inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapo ni ile iliyovaliwa na kufungwa mkanda, sio inayoning'inia kwenye kiwiko kusubiri trafiki. Nunua inayofunika uso mzima, kwa sababu ya kidevu chako na kwa sababu ya vumbi la Dodoma. Tafuta ndani alama ya ECE, ile ya kiwango cha usalama wa helmeti. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa: mashavu yabanwe kidogo, na helmeti iende na kichwa, isibaki nyuma. Mtu aishike kwa nyuma ajaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikitoka, si saizi yako. Na hili wauza helmeti hawakuambii kwa sababu wengi wao ni wanaume: kama huwa unasuka, nenda kuipima ukiwa umesuka yeboyebo zako za kawaida, au umevaa mtandio unaovaa. Wako dada wengi wanapima na nywele fupi, wakishasuka helmeti haiingii, inabaki nyumbani. Kioo kiwe cheupe. Kile cheusi kinapendeza saa sita mchana tu.

Mavazi ya kazini usiyaendeshee. Sketi ya ualimu, kanga, baibui, chochote kinachoning'inia kinavutwa na cheni au spoku, na kinakuvuta wewe. Vaa suruali nzito, sketi iweke kwenye begi, ubadilishie ofisini. Watasema siku chache, kisha watazoea.

Leseni haikuja mwisho kwa kuwa ni ndogo. Inatakiwa uianze kabla ya kununua. Jiandikishe VETA au chuo cha udereva kilichosajiliwa, uwaeleze unataka pikipiki. Utakatiwa leseni ya kujifunzia, utafanya mtihani kwa polisi wa usalama barabarani, halafu TRA ndio wanaotoa leseni yenyewe. Daraja A1 ni la pikipiki za chini ya cc 125, na zile zinazoitwa 125 nyingi kwenye kadi husoma 124 na kitu. Daraja A ndilo la zinazozidi hapo. Omba kufundishwa na kutahiniwa kwa daraja A, usije ukarudi foleni miaka ijayo. Bima ndogo ni lazima kisheria, ila ujue inamlipa uliyemgonga. Pikipiki yako ikiibiwa au ikivunjika, bima ndogo haikuhusu. Kwa chombo kipya cha mkopo ningeulizia bei ya bima kubwa.

Kuna jambo kwenye barua yako ulilipitia haraka, na kwangu ndilo kubwa. Kinachokula pesa yako na muda wako ni zile kilomita 11. Noah hujailalamikia. Basi kwa nini pikipiki ilale Nkuhungu? Miezi ya mwanzo iweke hukohuko. Ongea na mwenye duka la njia panda, ifungwe kwa mnyororo na kufuli la maana ndani ya ukuta, umlipe kiasi kidogo kwa mwezi. Asubuhi unashuka kwenye Noah, unavaa helmeti, unaendesha vumbi lako. Jioni unairudisha. Hapo hukabiliani na malori ya Singida na ya kwenda Rwanda na Burundi ukiwa bado unafikiria gia iko wapi. Lori la mzigo likikupita kwa kasi linakusukuma kwanza, halafu linakuvuta, na mtu asiyelizoea anakaza mikono na kuyumba papo hapo. Karibu faida yote unayoitafuta utaipata bila kugusa barabara kuu.

Siku utakapoona uko tayari kwa lami, kumbuka jua. Asubuhi utakuwa unakwenda magharibi, jua mgongoni. Jioni unarudi mashariki, jua mgongoni tena. Utaona barabara vizuri kabisa, na ndiyo hatari yenyewe: anayekuja mbele yako jua liko machoni pake, wewe ni kijivuli chembamba ndani ya mwanga. Dereva anayetaka kumpita mwenzake hatakuona. Washa taa mchana, vaa kizibao cha kuakisi mwanga hata kama kinakufanya ufanane na bodaboda, na usiamini kwamba kwa kuwa wewe unamwona naye anakuona.

Mazoezi yaanzie uwanja wa mpira wa shule Jumamosi, watoto wasiwepo. Siku ya kwanza usiguse gia ya pili. Achia klachi polepole mpaka usikie pikipiki inataka kwenda, kamata, achia tena, mpaka mkono wa kushoto ujue wenyewe. Kisha zunguka namba nane kwa mwendo wa kutembea, macho yatazame unakotaka kwenda na sio kwenye tairi. Kisha breki. Vijana wa kijiweni watakuambia usiiguse breki ya mbele, itakurusha. Waheshimu kwa mengine, kwa hili usiwasikilize. Kwenye lami breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Inakurusha ukiikaba ghafla, kwa hiyo jifunze kuibana taratibu ukiongeza nguvu, pamoja na ya nyuma. Kwenye mchanga, hapo wako sahihi: ya mbele iache, tumia ya nyuma kidogo na upunguze mwendo mapema kabla hujaingia. Ndani ya mchanga mikono ilegee, macho mbali, mafuta yasikatwe ghafla. Tairi itacheza chini yako. Iache icheze.

Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili, udongo mweusi wa kule Bahi utakutana nao. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi inagoma kuzunguka. Wenyeji huinua madigadi ya mbele au kuyatoa, waombe wakuonyeshe. Siku korongo limejaa maji usivuke kwa kufuata mtu mwingine aliyevuka. Subiri lishuke, au urudi. Mwalimu mkuu atakutazama, muache akutazame. Na jioni, ng'ombe wakitoka malishoni, simama kabisa pembeni wapite. Honi inawatawanya upande usioutaka.

Kuhusu mama: mwambie. Akijua kwa jirani atashtuka mara mbili. Mpigie ukiwa umeshapata leseni, umweleze kwamba haupandi lami kwa sasa, na umtumie picha ya helmeti.

Ukishanunua mpya, usiikamue kilomita za mwanzo. Oili ya kwanza imwagwe karibu na kilomita 500, au kama kitabu chake kinavyosema, na siku hiyohiyo fundi akaze nati zote na kuangalia cheni. Cheni ibonyezwe katikati kwa kidole, icheze kama sentimita 2 hadi 3. Ikibana kama waya ni mbaya, ikilegea ni mbaya.

La mwisho ni la kijijini. Pikipiki ya mwalimu ikishaonekana, itaombwa. Ataiomba mwenzako akimbilie mnadani, ataiomba mtendaji, na siku moja watakuja kukuomba ya kumpeleka mgonjwa zahanati, na huyo huwezi kumkatalia. Amua mapema, kabla hujaulizwa: mtafute mtu mmoja pale kijijini mwenye leseni na akili tulivu, umkabidhi ufunguo wa akiba na helmeti ya pili, na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Wa mnadani waambie haiazimwi.